Kula Kigali, Mji Usiokula Njiani

Katika ukurasa wetu wa safari mwezi huu tunakwenda Kigali. Hatuendi kutazama majumba marefu wala taa za barabarani. Tunakwenda kula.

Kila wiki kuna mtu wa kambini anayepanda basi kwenda Kigali. Mmoja ana barua ya hospitali, mwingine ameitwa kwa mambo ya karatasi, mwingine anampeleka mtoto shule au anamfuata ndugu yake. Wengi wanaondoka alfajiri bila chai na wanarudi usiku bila kutia kitu mdomoni. Ukiwauliza kwa nini, watakuambia, "Kigali ni ghali," ama watasema, "Sikuona mahali pa kula." Hilo la kwanza linategemea mahali ulipoingia. La pili si kweli hata kidogo. Chakula kipo tele, ila Kigali inakiweka mahali ambapo mgeni hajazoea kukitafuta.

KWA NINI HUONI WATU WAKILA BARABARANI

Sisi tuliotoka Goma, Bukavu, Uvira au Bujumbura tumezoea chakula cha kando ya njia. Mama amekaa na beseni lake la mandazi ya moto, kijana anapepea makaa ya brosheti, mtoto anauza karanga kwenye kikopo. Unanunua, unatafuna, unaendelea na safari. Miji mingi duniani iko hivyo. Kule Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, wageni wanatoka mbali kwa ajili ya chakula cha barabarani tu. Watu wanakaa kwenye vigoda vidogo vya plastiki kando ya njia, magoti yakikaribia kidevu, wakinywa supu ya tambi iitwayo phở tangu asubuhi, na pikipiki zinapita karibu na migongo yao.

Kigali si hivyo, na kuna sababu mbili. Ya kwanza ni desturi. Kwa Wanyarwanda wengi, mtu mzima kutembea huku anatafuna ni aibu. Wazee wetu wanalijua jambo hilo, kwa sababu kwenye milima ya Masisi na Rutshuru pia mtoto aliyekula njiani alikemewa. Chakula ni jambo la ndani, na anayekula anaketi.

Sababu ya pili ni sheria ya mji. Kuuza vitu mkononi barabarani kumekatazwa Kigali. Wauzaji hao wanaitwa abazunguzayi, na wengi wao ni akina mama wanaobeba matunda na mboga kwenye beseni huku macho yako huku na huku. Mwaka 2017 Jiji la Kigali lilitangaza faini ya faranga 10,000 kwa muuzaji, na kwa mnunuzi vilevile. Basi ukiona mama na parachichi zake pembeni ya njia, tunaelewa kwamba moyo unakuvuta kumsaidia, lakini jua kwamba wote wawili mnaweza kukamatwa.

Sasa chakula kimekwenda wapi? Kimeingia ndani. Kiko nyuma ya pazia, nyuma ya mlango mdogo, kwenye ua wa nyumba ambao kutoka nje huuoni. Mgeni anayepita tu atashinda njaa. Anayeingia na kusalimia atakula.

MLANGO WA KWANZA: BAA YA MAZIWA

Wengi wetu tunashukia Nyabugogo, kwenye kituo cha mabasi kikubwa kuliko vyote nchini. Pana kelele, mizigo na watu wa kila namna, kwa hiyo pesa yako iweke mbali na mfuko wa nyuma. Ukivuka hapo na kuanza kupanda kwenda mitaani, tafuta ubao uliochorwa ng'ombe au glasi nyeupe na kuandikwa neno moja: AMATA. Hiyo ni baa ya maziwa.

Msishangae kusikia baa. Hakuna pombe humo. Kuna meza chache, benchi, na pipa kubwa la chuma linalong'aa lenye bomba chini. Mhudumu anafungua bomba na maziwa yanashuka kwenye kikombe kikubwa. Utaulizwa unataka ya namna gani. Inshyushyu ni maziwa mabichi ya leo yaliyopashwa moto. Ikivuguto ni maziwa yaliyogandishwa, mazito, yenye uchachu kidogo. Ndiyo yale ambayo kwetu Kivu tunayaita mashanza. Pembeni kuna sanduku la kioo lenye chapati, mandazi, keki na mayai ya kuchemsha. Kikombe kikubwa cha mashanza na chapati moja vinaweza kukufikisha saa nane bila tumbo kulalamika. Ni chakula cha bei nafuu kuliko vingi utakavyopata mjini.

Utaona humo dereva wa pikipiki ameweka kofia yake mezani, fundi ana vumbi la saruji, mwanafunzi na mama mwenye mtoto. Hakuna anayeharakishwa. Mtu anakunywa kimya, anajifuta sharubu, analipa na kuondoka. Maziwa ni kitu cha heshima katika nchi hii. Salamu ya zamani ya Kinyarwanda ni Amashyo, yaani nakutakia makundi ya ng'ombe, na jibu lake ni Amashyongore, yaani makundi ya ng'ombe jike. Mwaka 2006 serikali ilianzisha mpango uitwao Girinka wa kuipa kila familia maskini ng'ombe mmoja, na ndama jike wa kwanza anapewa jirani. Hata jina la mpango lilitokana na salamu: Gira inka, uwe na ng'ombe.

Hapa naomba niwaambie jambo la kwetu. Safari yangu ya mwisho nilikwenda na mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 11, aliyezaliwa kambini. Yeye anajua mahindi, maharage na mafuta ya kopo. Nyumbani bibi yake hamalizi wiki bila kutaja mashanza ya Masisi, jinsi yalivyokuwa yanasukwa kwenye kibuyu, na jinsi mgeni hakuondoka bila kunywa. Watoto wanasikiliza kama hadithi ya sungura na fisi. Basi yule msichana akanywa, akanyamaza, akaniuliza, "Mama mdogo, haya ndiyo yale ya bibi?" Nikamwambia ndiyo. Akaomba tumpelekee. Tukanunua kidumu kidogo kipya, tukajaza lita moja, akakipakata njia nzima. Bibi alikunywa nusu tu. Nusu nyingine aligawia wajukuu kwa kijiko, mmoja mmoja kwa zamu, huku akiwataja majina ng'ombe wake wote.

Wazazi, tuna watoto wengi wa namna hiyo. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa 1996, na waliozaliwa huko mwanzoni sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Historia ya kwao wanaisikia kwa masikio. Mara moja moja wapeni waionje kwa ulimi. Kikombe kimoja hakitamaliza pesa ya mwezi.

MLANGO WA PILI: MELANJI YA SAA SITA

Ikifika saa sita mchana, watu wote wa Kigali wanatafuta melanji. Ni neno la Kifaransa, maana yake mchanganyiko, na ndivyo chakula chenyewe kilivyo. Unaingia kwenye mgahawa mdogo, unanawa mikono, unachukua sahani na kupita mbele ya masufuria yaliyopangwa mstari mmoja: wali, ndizi za kupika, viazi, bugali ya muhogo, maharage, makaroni, kabichi, lengalenga ambayo hapa inaitwa dodo, na sombe. Unajipakulia mwenyewe. Mwisho wa mstari anasimama mtu mwenye kijiko kirefu, na huyo ndiye mwenye nyama. Yeye anakuwekea kipande chake, na usimwongezee maneno.

Melanji ina kanuni moja kubwa: unapita mara moja tu. Ndiyo maana utaona watu wembamba wamebeba sahani zenye vilima. Wazoefu wanaweka chini vitu vizito kama ndizi na viazi, wanaujengea wali ukuta, kisha wanamimina maharage katikati. Usicheke, kwa sababu huyo amelipa bei moja na wewe, na hatakula tena mpaka kesho asubuhi. Ukitaka kupunguza gharama, uliza bei ya sahani isiyo na nyama. Sehemu nyingi wanayo, na maharage yao yanatosha.

Kwenye mstari huo, sombe itakufurahisha. Wanyarwanda wanasema isombe, Warundi vilevile, watu wa Kinshasa wanasema pondu, lakini ni majani yaleyale ya muhogo. Yanatwangwa, yanachemshwa muda mrefu na kutiwa mawese, bilinganya au ntoryi, na karanga za kusagwa. Akina mama mnajua kwa nini hayaharakishwi: majani mabichi ya muhogo yana sumu, na kutwanga vizuri pamoja na kuchemsha sana ndiko kunakoitoa. Vijana mnaojipikia wenyewe, msiruke hatua hiyo kwa sababu ya kubana kuni.

MLANGO WA TATU: BROSHETI NA SAMBAZA

Jioni moshi unaanza kupanda nyuma ya nyumba. Fuata harufu, utafika kwenye kabare, yaani ua wenye viti, meza za mbao na jiko la makaa. Chakula cha hapo ni brosheti. Watu wa pwani wanaita mishikaki, lakini ya Kigali ni kubwa zaidi. Ni nyama ya mbuzi iliyotungwa kwenye kijiti kirefu, ikapakwa chumvi na kuchomwa polepole. Inakuja na ndizi za kuchoma au viazi. Kuna pia zingalo, yaani utumbo wa mbuzi uliosafishwa na kuviringwa kwenye kijiti, ambao bei yake ni ya chini. Na kuna akabenz, nyama ya nguruwe ya kukaanga, iliyopewa jina la gari la kifahari la Benz. Kwa hiyo wale wasiokula nguruwe waulize kwanza.

Kwenye brosheti hakuna haraka. Unaagiza, na baada ya hapo unakaa nusu saa, hata saa nzima. Huo ndio muda wa mazungumzo. Mwenye basi la jioni asiingie huko, maana atapewa nyama wakati basi linafunga mlango. Na ukienda na watoto, chagua mahali panapotoa chakula zaidi kuliko pombe, kwa kuwa kabare nyingi ni za watu wa bia na urwagwa, ile pombe ya ndizi.

Tuseme neno juu ya sambaza pia. Hao ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaokaangwa wakawa wakavu na kuliwa wazima wazima pamoja na ndimu. Watu wa Goma, Bukavu na Kalehe watawakumbuka mara moja. Warundi na watu wa Uvira watasema hao ni ndagala, na hawakosei. Zamani Ziwa Kivu halikuwa na samaki huyu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, akawekwa ndani ya maji asiyoyajua, akazaana. Leo mtu wa Kibuye au wa Kisiwa cha Idjwi atakuambia sambaza ni wa kwao tangu zamani.

BIRYOGO, MEZA YA WASWAHILI

Mtu anayesema Kiswahili asirudi kambini bila kufika Biryogo, katika eneo la Nyamirambo. Hapo utaagiza chai kwa lugha yako na hakuna atakayekugeukia kukutazama.

Mtaa huo una historia ambayo sisi watu wa kambi tutaielewa haraka. Kigali ilianzishwa 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani ya Tanganyika na Zanzibar, na wengine wenye asili ya Uarabuni na India. Msikiti wao wa kwanza ulijengwa hapo 1913. Walipokuja Wabelgiji, waliwatenga Waislamu hao na kuwakusanya sehemu moja, na mahali hapo pakaitwa Kambi ya Waswahili. Ndiyo, kambi. Watu walitazamwa kama wageni hata baada ya kuzaa watoto na wajukuu palepale.

Ukikaa leo Biryogo utaona walichokiacha mezani. Chapati, pilau, mandazi na chai ya maziwa yenye tangawizi viliingia Rwanda kwa njia ya watu hao, na sasa haipo baa ya maziwa isiyokuwa na chapati. Lugha yao nayo, ambayo zamani ilidharauliwa kuwa ya watu wa sokoni, mwaka 2017 bunge lilipitisha iwe lugha rasmi ya nchi. Mwaka 2021, wakati wa korona, barabara za Biryogo zilifungwa kwa magari, zikapakwa rangi nyingi, na meza zikatolewa nje ili watu wakae wakiachiana nafasi. Mpaka sasa ni moja ya sehemu chache za Kigali ambapo watu wanakula nje kweli. Hata hivyo wameketi.

Jioni ya Ijumaa hapajai nafasi. Wazee wamevaa kofia zao, vijana wamekuja na wachumba, wazungu wanatazama ramani kwenye simu. Pombe haiuzwi. Kuna chai, juisi, nyama ya kuchoma, samaki, na agatogo, yaani ndizi mbichi zilizopikwa na nyama, nyanya na vitunguu mpaka mchuzi ukawa mzito. Agatogo mnaweza kuipika hapa kambini hata bila nyama: weka karanga za kusagwa au sambaza wachache, na majani ya lengalenga mwishoni.

TONE LA PILIPILI

Kwenye kila meza tulizozitaja utaona kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Msikitie machoni! Ni Akabanga, mafuta ya pilipili kali, yanayotiwa tone kwa tone. Yanatengenezwa Nyirangarama, kwenye barabara ya Kigali kwenda Musanze, katika kiwanda cha Sina Gérard, mtu aliyeanza 1983 kwa biashara ndogo ya mikate palepale kijijini. Leo mabasi mengi ya kwenda Musanze na Rubavu yanasimama hapo, na abiria wanashuka kununua viazi, brosheti na juisi. Matone mawili yanatosha sahani moja. Matano ni adhabu.

MAMBO YA KUKUMBUKA KABLA YA SAFARI

Beba kitambulisho chako, na karatasi ya ruhusa kama unatakiwa kuwa nayo. Weka pesa ya nauli ya kurudi mbali na pesa ya chakula, ili njaa isile nauli.

Usifunge chakula cha njiani kwenye mfuko wa plastiki. Mifuko hiyo imekatazwa Rwanda tangu 2008, na 2019 sheria iliongeza vitu vingine vya plastiki vya kutumia mara moja. Tumia kikapu, kitambaa au bakuli lenye kifuniko. Ukibeba viazi vyako kutoka nyumbani, unaweza kukaa kwenye baa ya maziwa, ukaagiza kikombe, na kumwomba mhudumu kwa adabu ule vya kwako. Mara nyingi watakubali.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda. Asubuhi maduka na migahawa inafungwa na magari hayatembei mpaka kazi iishe karibu saa tano. Siku hiyo msile ahadi ya kupata chai mjini saa mbili.

Uliza bei kabla ya kukaa: Ni angahe? Hakuna aibu, hata wenyeji wanauliza. Sehemu nyingi unaweza kulipa kwa simu. Kama mtoto ni mdogo sana au mama ni mjamzito, uliza pia kama maziwa yamechemshwa.

Na ukimaliza kula, ukiona mwingine anaanza, mwambie Muryoherwe. Ni kumtakia chakula kitamu. Neno hilo halilipiwi, na mara nyingi litakuletea jirani wa kuongea naye mpaka basi lifike.

NENO LA MWISHO KWA FAMILIA

Tunajua kwamba pesa ni kidogo. Tangu 2014, WFP ilipoanza kutoa pesa badala ya magunia kwenye kambi ya Gihembe, ambayo ilifungwa 2021, kila mama amekuwa mhasibu wa nyumba yake, na hesabu zenyewe zinajulikana zinavyobana. Hatuwaambii mwende Kigali kustarehe. Tunasema yule ambaye safari imemlazimu asishinde njaa kwa kuogopa mlango uliofungwa nusu. Asukume, asalimie, aketi. Humo ndani atakuta sombe ileile, mashanza yaleyale, na mara nyingi Kiswahili kilekile.

Wale wenye wazee nyumbani, waulizeni wiki hii walikuwa wanakula nini kwao siku ya sikukuu, na kilipikwa namna gani. Andikeni kwenye karatasi, hata kwa mwandiko wa mtoto, mtuletee. Tutachapa mapishi hayo kwenye ukurasa huu, pamoja na jina la kijiji yalikotoka.

Safari njema, na mle vizuri.